Farasi wa Mbio na Siku ya Ubingwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mazoezi na Ratiba

Kwa nini wakufunzi hupanga msimu mzima kwa kuhesabu kinyumenyume?

Kwa sababu kilele cha farasi hakidumu na tarehe ya ubingwa haisogei. Farasi aliyeandaliwa vizuri hukaa kwenye ubora wake wa juu kwa wiki chache tu, mbio 2 au 3 hivi, kisha hushuka hata kama hajaumia popote. Mkufunzi hawezi kubadili siku ya fainali. Anachoweza kubadili ni siku ya kuanza mazoezi, idadi ya mbio za njiani na urefu wa mapumziko. Basi anaishika tarehe kubwa na kurudi nyuma wiki kwa wiki hadi aone kama muda unatosha. Usipotosha, jibu la busara ni kutafuta mbio nyingine. Farasi wengi huumia kwa sababu jibu hilo halikupendwa na mtu.

Ni mashindano gani hasa yanayotawala kalenda?

Marekani kuna Kentucky Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ya farasi wa miaka 3 tu. Wiki 2 baadaye huja Preakness Stakes, na wiki 3 baada ya hiyo Belmont Stakes. Mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba ni Breeders' Cup, iliyoanza mwaka 1984 kama tamasha la siku moja na kuwa la siku 2 kuanzia 2007. Ulaya, macho yote huelekea Prix de l'Arc de Triomphe, mita 2,400 pale Longchamp, Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Uingereza ina British Champions Day pale Ascot katikati ya Oktoba, tangu 2011. Australia ina Melbourne Cup, mita 3,200, Jumanne ya kwanza ya Novemba. Japani ina Japan Cup mwishoni mwa Novemba. Saudi Cup hukimbiwa Februari na Dubai World Cup mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili.

Utaona vuli ya kaskazini ilivyosongamana. Arc, Champions Day na Breeders' Cup zote ziko ndani ya wiki 5 hivi. Hakuna farasi anayezikimbia zote 3 akabaki yule yule.

Ratiba ya kuelekea fainali ya mita 2,000 inakuwaje?

Tuseme farasi ametoka kwenye mapumziko ya malishoni na fainali ni Novemba 1. Hesabu ya kawaida inahitaji miezi 5 hivi.

Wiki 3 hadi 4 za mwanzo ni kutembea na telki tu, dakika 30 hadi 45 kwa siku. Hapa watu wengi hukosa subira, maana farasi anaonekana mzima na ana hamu ya kukimbia. Wiki 4 hadi 6 zinazofuata ni shoti ya polepole, kilomita 2 hadi 3 kwa siku, takriban sekunde 20 kwa kila falongi. Falongi ni mita 201, na ndiyo kipimo ambacho wakufunzi wengi bado wanahesabia; sekunde 20 kwa falongi ni kama kilomita 36 kwa saa. Mwishoni mwa kipindi hicho siku moja moja inapandishwa hadi sekunde 15 kwa falongi.

Baada ya hapo ndipo huja mikimbio ya kasi inayopimwa kwa saa: kwanza mita 400, halafu 600, 800, hadi 1,000, mara moja kila siku 6 hadi 8. Mwendo wa sekunde 12 kwa falongi, sawa na mita 800 kwa sekunde 48, ni kilomita 60 kwa saa. Farasi anapomaliza mikimbio 5 au 6 ya namna hiyo bila kupoteza hamu ya kula, yuko tayari kwa mbio za kwanza za maandalizi. Ziweke wiki 9 au 10 kabla ya fainali. Mbio za mwisho za maandalizi ziwe siku 28 hadi 35 kabla. Mkimbio mzito wa mwisho, mita 1,000 hadi 1,200, uwe siku 12 hadi 14 kabla. Ule wa kulainisha miguu tu, mita 800 bila kumsukuma, uwe siku 5 hadi 7 kabla.

Ratiba hii ni mifupa mitupu. Jike mwepesi anayejituma peke yake huhitaji mikimbio michache kuliko dume zito, mvivu, lenye kupenda kula. Mvivu asipofanyishwa kazi ya kutosha atafika siku ya fainali akiwa na kilo za ziada na pumzi fupi.

Pengo kati ya mbio za mwisho na fainali liwe la wiki ngapi?

Wiki 4 hadi 5 ndilo linalopendwa, lakini siyo sheria. Baada ya mbio ngumu misuli huchukua takriban siku 2 hadi 3 kurudisha akiba ya glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa ndani yake. Uzito uliopotea, mwingi ukiwa maji, hurudi ndani ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo siku 14 zinatosha kwa misuli na uzito. Hazitoshi kwa mifupa na viungo, wala kwa akili ya farasi aliyepigana hadi mstari wa mwisho.

Mfano wa kusoma ni American Pharoah mwaka 2015. Baada ya Belmont ya Juni 6 alipewa siku 57 kabla ya mbio za Haskell za Agosti 2, akashinda kwa urahisi. Kutoka hapo hadi mbio za Travers za Agosti 29 ni siku 27, tena kwa kuvuka nchi kwa ndege. Akashindwa na Keen Ice. Wakamwacha siku 63, na Oktoba 31 akashinda Breeders' Cup Classic pale Keeneland. Huwezi kuthibitisha kwamba pengo peke yake lilifanya tofauti, lakini wakufunzi wengi wa farasi wa daraja la juu leo hupendelea pengo refu. Wastani wa mbio kwa farasi mmoja Marekani ulikuwa zaidi ya 11 kwa mwaka mnamo 1960. Siku hizi ni 6 hivi.

Mfumo wa pointi wa Kentucky Derby umebadilisha nini?

Hadi mbio za 2012, nafasi 20 za lango zilitolewa kwa kuangalia fedha ambazo farasi alishinda katika mbio za daraja, yaani mbio kubwa zilizopangwa kwa viwango. Farasi wa masafa mafupi mwenye fedha nyingi aliweza kuingia Derby ya mita 2,000 akaweka kasi ya kichaa mwanzoni na kuvuruga wenzake. Kuanzia Derby ya 2013 kuna pointi, na mbio fupi hazina pointi.

Uzito wa pointi umewekwa mwishoni. Mshindi wa mbio nyingi za farasi wa miaka 2 hupata 10. Mshindi wa Florida Derby, Santa Anita Derby, Blue Grass, Wood Memorial au Arkansas Derby hupata 100, na wa pili 50. Matokeo yake ni kwamba mbio moja nzuri, wiki 4 au 5 kabla ya Derby, inatosha kufungua lango, kwa hiyo mkufunzi halazimiki kumkimbiza farasi kila mwezi tangu Septemba. Lakini shinikizo limehamia kwenye siku hiyo moja. Farasi anayehitaji pointi hupelekwa kileleni mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili ili afuzu, kisha anadaiwa kilele kingine Mei. Aliyekwisha kufuzu mapema hutumia mbio hizo hizo kama mazoezi, joki akiambiwa asimmalize. Ukisoma matokeo ya Aprili bila kujua nani alihitaji pointi na nani hakuzihitaji, utadanganyika.

Kuna jambo dogo la lango lenyewe. Wanaosubiri nje ya nafasi 20 wanaweza kuingia mtu akijitoa kabla dirisha halijafungwa siku moja kabla ya mbio. Rich Strike aliingia hivyo mwaka 2022, dakika za mwisho kabisa, akashinda. Ukiwa kwenye orodha ya kusubiri, usipunguze mazoezi wala usibadili chakula.

Farasi asiyekimbia akiwa na miaka 2 anaweza kushinda Derby?

Anaweza, ila muda unambana. Baada ya Apollo mwaka 1882 hakuna aliyefanya hivyo hadi Justify mwaka 2018. Mage akafuata mwaka 2023. Justify alianza Februari 18, akashinda Derby Mei 5, siku 76 baadaye, na akafunga mataji matatu (Derby, Preakness na Belmont) Juni 9: mbio 6 ndani ya siku 111. Hakukimbia tena.

Je, farasi mmoja anaweza kulenga ubingwa mbili?

Anaweza, kama ya kwanza haikumkamua. Enable alishinda Arc na Breeders' Cup Turf mwaka 2018, wa kwanza kuzipata zote mwaka mmoja. Msimu wake ulichelewa kwa sababu ya jeraha, hivyo kabla ya Arc alikuwa na mbio moja tu Septemba. Jeraha lilimfikisha Oktoba akiwa hajachakaa. Wanaofika Arc wakiwa na mbio ngumu 5 au 6 za kiangazi mara nyingi huvuka bahari wakiwa watupu.

Jozi ya Saudi Cup na Dubai World Cup ina wiki 5 hivi katikati. Inaonekana ya starehe, lakini farasi huwa ugenini muda wote huo. Forever Young alishinda Saudi Cup 2025, kisha akawa wa tatu Dubai. Wakamrudisha Japani, wakampumzisha miezi kadhaa, wakampa mbio moja tu ya maandalizi, halafu akashinda Breeders' Cup Classic pale Del Mar, farasi wa kwanza wa Japani kufanya hivyo.

Kwa mataji matatu ya Marekani, wiki 5 kwa mbio 3 zimekuwa mzigo ambao wengi hawautaki tena. Sovereignty alishinda Derby 2025, akairuka Preakness, akaja kushinda Belmont. Wapenzi wa jadi walinung'unika. Kwa mtazamo wa miguu ya farasi, uamuzi ulikuwa sahihi.

Kwa nini farasi mwenye pumzi nzuri bado huvunjika?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu. Moyo na misuli huimarika ndani ya wiki 4 hadi 6. Mifupa huchukua miezi. Farasi anaweza kuwa na injini kamili juu ya fremu isiyokwisha kujengwa, na saa ya kupimia mbio haiwezi kukuonyesha hilo.

Mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba, na mzigo wa mwendo wa telki si sawa na wa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Farasi wa miaka 2 aliyefanyishwa shoti ndefu za polepole miezi yote, kisha akasukumwa ghafla kwa sababu mbio za ubingwa zimekaribia, hupata maumivu ya muundi: sehemu ya mbele ya mfupa huvimba na kuuma ukiigusa. Dawa ya mapema ni dozi ndogo ya kasi, kama mita 200 mwishoni mwa shoti mara 2 kwa wiki, na kuongeza taratibu.

Upande wa pili ni kuzidisha. Kila mkimbio wa kasi huacha nyufa ndogondogo. Mwili huzitengeneza kwa kuondoa kwanza mfupa uliochoka, halafu kujaza mpya. Katikati ya kazi hiyo mfupa una vitobo, na uko dhaifu kuliko ulivyokuwa. Ndiyo maana kuna nyakati 2 za hatari. Moja ni pale mbio na mikimbio ya kasi inaporundikana ndani ya miezi michache bila kupumzika, ambapo mfupa wa muundi hupasuka karibu na kifundo. Nyingine ni wiki za kwanza baada ya mapumziko ya miezi 2 au zaidi, ambapo mfupa wa juu wa mguu wa mbele huvunjika kwa farasi aliyerudishwa kwa pupa. Ratiba ya ubingwa huzalisha zote mbili: kufukuza pointi huleta ya kwanza, na kuharakisha kurudi baada ya jeraha dogo huleta ya pili.

Kila asubuhi shika kifundo na muundi kwa kiganja kabla farasi hajatoka bandani. Joto upande mmoja tu, au kifundo kilichojaa maji leo wakati jana kilikuwa kikavu, ni sababu ya kufuta mkimbio wa kasi siku hiyo. Saisi anayemwosha farasi kila siku hugundua kabla ya daktari. Msikilize.

Kanuni za dawa zinaathiri vipi ratiba?

Sana. Marekani, chini ya HISA, mamlaka ya kitaifa ya usalama na uadilifu wa mbio za farasi, sindano ya kotikosteroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ndani ya kiungo hairuhusiwi siku 14 kabla ya mbio na siku 7 kabla ya mkimbio wa kasi. Hesabu: ukimchoma siku 15 kabla ya fainali, wiki nzima ya mikimbio mizito imekwenda. Kiungo kinachohitaji sindano wiki 2 kabla ya ubingwa kinakuambia kitu tayari.

Furosemidi, dawa ya kupunguza utokaji wa damu mapafuni, haitumiki tena siku ya mbio kwenye Breeders' Cup tangu 2021, mbio zake zote zilipokimbiwa bila dawa hiyo. Farasi aliyezoea kuitumia katika mbio za kawaida asijaribiwe bila dawa kwa mara ya kwanza siku ya fainali. Mpe angalau mbio moja ya maandalizi bila dawa, kisha daktari amwangalie koo na mapafu kwa kamera dakika 30 hadi 90 baada ya mbio.

Safari na karantini huchukua muda gani?

Kwa Melbourne Cup, farasi wa Ulaya hukaa karantini siku 14 kabla ya kuondoka na siku 14 baada ya kufika. Hapo huongezwa ukaguzi wa madaktari, ikiwemo skani ya CT ya miguu. Maana yake ni kwamba mbio za mwisho za nyumbani ni Agosti au mapema Septemba, na mazoezi makali ya mwisho hufanyika ndani ya eneo la karantini lenye uwanja ambao farasi hajauzoea. Kuingia Marekani kutoka Ulaya ni siku 2 au 3 tu za vipimo, hivyo wengi huwasili wiki moja kabla, au hata chini ya hapo.

Hatari kubwa ya safari ni mapafu. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kuteremsha makamasi. Bakteria hushuka kifuani. Mlegeze ainamishe kichwa kila baada ya saa 4 hadi 6, lowesha nyasi kavu ili kupunguza vumbi, mpe maji mara kwa mara. Pima joto asubuhi na jioni kwa siku 3 baada ya kufika. Kawaida ni nyuzi 37.2 hadi 38.3. Likifika 38.5, mazoezi yanasimama na daktari anaitwa.

Uwanja na upande wa kona vina uzito gani?

Longchamp hukimbiwa kwa mkono wa kulia na ina mlima wa takriban mita 10. Viwanja vya Marekani ni vya mkono wa kushoto, tambarare, vyenye kona kali. Farasi asiyejua kubadili mguu wa kuongoza (ule wa mbele unaotangulia) anapoingia kona atapoteza urefu wa miili 2 au 3 hata awe na pumzi kiasi gani. Fanya mazoezi ya kona ya upande huo angalau wiki 3 kabla. Kuhusu udongo na nyasi: mchanga unaorushwa usoni humtisha farasi wa nyasi, na kumzoesha nyuma ya farasi wengine ni kazi ya wiki, siyo ya asubuhi moja.

Wiki ya mwisho ifanyike nini?

Kidogo. Pumzi haiongezeki tena ndani ya siku 7. Uchovu ndio unaoongezeka. Shoti nyepesi kila siku, farasi alale vizuri. Kiatu kipya kiwekwe siku 4 hadi 7 kabla, ili msumari ukigusa sehemu laini ya ukwato pawe na muda wa kurekebisha. Usibadili aina ya nafaka. Nyasi kavu zisishuke chini ya asilimia 1.5 ya uzito wa mwili, yaani kilo 7 na nusu kwa farasi wa kilo 500, kwa sababu tumbo tupu lenye nafaka nyingi huzaa vidonda. Ndoo ya chakula ni kipimo kizuri kuliko saa: anayeacha robo ya chakula siku 3 mfululizo amepita kilele chake, hata kama anakimbia haraka asubuhi.

Akipata homa siku chache kabla?

Anajitoa. Sovereignty alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa zaidi kwenye Breeders' Cup Classic ya 2025, akapata homa wiki ile ile, na akaondolewa. Homa ya siku moja inaweza kuisha kwa dawa, lakini dawa yenyewe ina muda wake wa kutoka mwilini, na mapafu yenye uvimbe mdogo tu yanaweza kupasuka mishipa kwa kasi ya mbio.

Melbourne Cup ina utata gani wa pekee?

Ni mbio za kusawazisha uzito. Farasi bora hubebeshwa kilo zaidi, na akishinda mbio kubwa baada ya uzito kutangazwa anaweza kuongezewa adhabu. Kwa upande mwingine nafasi ni 24 tu, na asiye na matokeo ya kutosha hapati lango. Mshindi wa Caulfield Cup, mita 2,400 wiki 2 na ushee kabla, ana nafasi yake moja kwa moja. Mkufunzi hutembea juu ya kamba nyembamba: ashinde vya kutosha aingie, asishinde kiasi cha kubebeshwa tofali.

Baada ya fainali, farasi arudi mazoezini lini?

Siku 3 hadi 5 za kutembea tu, kisha umkague anapokwenda telki kwenye ardhi ngumu, mguu mmoja mmoja. Asiyechechemea anaweza kuendelea kama kuna mbio nyingine ndani ya wiki 4 hadi 6. Vinginevyo apelekwe malishoni siku 45 hadi 60, nafaka ipunguzwe kwa nusu ndani ya wiki ya kwanza ili asipate maumivu ya misuli, na viatu vya nyuma vitolewe kabla hajafunguliwa pamoja na wenzake. Atakaporudi, anaanza tena na wiki 3 hadi 4 za kutembea na telki, hata kama alitoka bingwa.